Firigisi ya Nyumba ya Masinde

Nanyama alikuwa amepiga magoti akisiriba sakafu ya jiko, mikono imejaa samadi hadi viwikoni, binti yake Nelima aliposimama mlangoni akihema. Wageni wa tohara ya binamu wa watoto wake walikuwa waje kesho yake, na Nanyama hakupenda kukatizwa. Akamwambia aseme haraka.

Nelima akasema mdogo wake Situma yuko mtoni, amelala kwenye matope, na hataki kuguswa.

Kabla hatujafika huko mtoni, wasikilizaji, wajueni watu wa hadithi hii.

Situma alikuwa na miaka kumi. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama, hata kama wao wenyewe ni wazima. Baridi ikimpata, mifupa humuuma mpaka akalia bila sauti.

Nelima, dada yake, kipawa chake kilikuwa macho. Hakuna kilichosogezwa nyumbani mle asikione.

Mama Omolo, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na mtoto mwenye ugonjwa huohuo. Kipawa chake kilikuwa masikio. Aliweza kukaa na mtu anayelia bila kumwambia anyamaze.

Wa mwisho ni Khisa, shemeji yake Nanyama, mdogo wa mumewe Masinde. Alibeba abiria kwa baiskeli, na alikwenda polepole hata vijana wa kituoni wakamwita Kobe. Kipawa chake kilikuwa hichohicho: hajapata kuangusha mtu wala yai.

Sasa, mtoto wa selimundu alitafuta nini kwenye maji baridi?

Kwao, mvulana anayetahiriwa hupelekwa mtoni alfajiri, akapakwa matope mwili mzima, kisha akarudi kusimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Msimu ule binamu yake alizunguka na kengele akialika jamaa, na watoto wakamuuliza Situma kama yeye, zamu yake ikifika, atakwenda mtoni amevaa sweta. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kukubaliana na daktari kwamba Situma atatahiriwa hospitalini, kwenye chumba chenye joto. Hawakumwambia mtu wa ukoo, kwa kuogopa maneno. Wala Situma hawakumwambia. Waliona hakuna haja ya kumtisha mtoto mapema.

Basi mtoto akatishika peke yake. Usingizi ukampotea. Chakula akawa anakichokoa tu. Akiulizwa, alijibu kwamba yuko sawa. Mwishowe akaamua kuizoea ile baridi: kila alfajiri alitoroka kwenda kujipaka matope, ili siku yake ikifika mwili uwe umekwisha kujifunza.

Nelima ndiye aliyegundua. Aliona taulo lililolowa kwenye kamba asubuhi ambayo hakuna aliyeoga, akaona matope kwenye kucha za mdogo wake. Alimbana mpaka akasema. Situma akamsihi asitoe siri, asije akaonekana mtoto wa kike mbele ya watu.

"Mimi ni mtoto wa kike na sijafa," Nelima alimwambia. Lakini alinyamaza. Akanyamaza mpaka asubuhi ile alipoona jua limepanda na kitanda bado kitupu, ndipo akamfuata, akamkuta, akakimbia kuleta habari.

Nanyama alifika mtoni na samadi yake mikononi. Alipojaribu kumwinua, Situma alipiga ukelele, akaung'ang'ania mzizi wa mti kwa mikono miwili. Alikuwa anatetemeka, miguu imekunjana. Hakutaka kupelekwa nyumbani watu wakamwona ameshindwa na maji.

Mama Omolo alikuwa amemwona Nanyama akikimbia, akamfuata. Hakumshika mtoto. Aliketi kwenye matope na gauni lake safi, akamuuliza anaogopa nini zaidi, maumivu ya leo au ya siku ya kisu.

"Ya siku hiyo," Situma akasema.

"Hata mimi ningeogopa."

Kisha, bila kumtazama Nanyama, akamwambia mtoto kwamba hatapelekwa mtoni kamwe, mambo yalikwisha kupangwa na daktari. Jambo hilo Nanyama alikuwa amelisema kwenye kikundi chao cha akina mama kliniki, akawaomba libaki palepale.

Situma akamgeukia mama yake. "Ni kweli?"

"Ni kweli," Nanyama akasema.

Mtoto akauachia mzizi.

Khisa alikuwa ameitwa, akaja na baiskeli yake. Pikipiki ilikuwepo, lakini safari iliyopita mitikisiko yake ilimfanya mtoto azimie kwa maumivu, na Situma hakutaka hata kuisikia ikinguruma. Khisa alimvika blanketi, akamketisha nyuma juu ya mto wa kulalia, akafuata njia ya mashamba ya miwa isiyo na mashimo, huku Nanyama akitembea pembeni na chupa ya maji. Situma hakulia njia nzima. Walipofika kituo cha afya, muuguzi aliwagombeza akisema wangekawia kidogo zaidi angekuwa na neno jingine la kuwaambia.

Mtoto alilazwa, akapona, akarudi. Siku ya kurudi Masinde alichinja jogoo.

Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, na wanawake hawaionji. Masinde akasema leo yeye haili; apewe aliyemwokoa mtoto, awe nani awe nani.

Khisa akanyoosha sahani. Mama Omolo akanyoosha yake, akamuuliza angembeba nani, kama mtoto angekuwa bado ameshika mzizi. Nelima naye akanyoosha yake, akauliza wote wawili wangekwenda mtoni kufanya nini, kama yeye asingeona.

"Wewe uliona ukanyamaza," Khisa akasema. "Na Mama Omolo aligawa siri isiyo yake."

"Na wewe, shemeji," Nanyama akasema, "tungefika Krismasi."

Wakacheka, ila hakuna aliyerudisha sahani yake nyuma. Situma alipoulizwa, alisema waamue wao. Alikuwa ameshika paja la kuku.

Nanyama akapakua ugali, akahesabu vichwa kama kawaida yake: Masinde, Khisa, Mama Omolo na Omolo wake, Nelima, na Situma ndani ya blanketi. Wote wapo. Firigisi ilibaki kwenye upawa, moja, ndogo, na haigawanyiki ikabaki heshima.

Haya, wasikilizaji, upawa huu hapa na ugali unapoa. Ungekuwa wewe, ungeiweka kwenye sahani ya nani?