Watoto Wote Wakaitwa Shomari

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko, mitungi na majirani wa kusengenya, kulikuwa na nyika iliyojaa jina moja. Kilima kiliitwa Kilima cha Shomari, na njia iliitwa Njia ya Shomari. Chini ya kilima, kando ya njia, palikuwa na Kisima cha Shomari. Vyote viliitwa kwa jina la marehemu Shomari Kakakuona, aliyekichimba kisima kwa kucha zake akakiacha kwa kila mwenye kiu.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Nyati, ambaye naye aliitwa Shomari, akajilaza mdomoni mwa kisima, pembe mbele, akatangaza kwamba ni chake. Ushahidi wake ulikuwa jina, basi! Wanyama wakamkumbusha marehemu. Nyati akakoroma, hrooo, akanywa huku wanamtazama.

Aliyeumia zaidi ni Bi Nguchiro. Alikuwa na watoto wanne wa siku sita, na kwa kiu maziwa yalikuwa yamemkauka. Aliwatazama wakinyonya bure, roho ikamchoma, maana alijua wiki haiishi atawazika. Alilia sana. Kisha akakumbuka kwamba kesho ni siku ya saba, siku ya kuwapa watoto majina, akajipangusa machozi na kuanza kucheka peke yake.

Asubuhi akajitanda ushungi safi, akamwendea Nyati.

"Shikamoo, Bwana Shomari."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sijafuata maji, bwana. Nina watoto wanne wa kiume, nataka wabebe jina la mkubwa. Naomba idhini niwaite Shomari."

"Wote wanne?"

"Ningezaa kumi, ningewaita wote kumi."

Weee! Nyati alivimba kifua hadi mbavu zikalia ka-ka-ka! Tangu azaliwe hakuna aliyempa mtoto jina lake. Akakubali papo hapo, tena akaapa kutimiza haki zote za somo. Katika nyika ile, mtoto aliyepewa jina lako ni somo yako, na somo hanyimwi kitu. Anayemnyima huchekwa hata na vyura. Nyati akamjazia Bi Nguchiro mtungi, na jioni ile watoto wakanyonya wakashiba.

Je, Bi Nguchiro alitulia? Thubutu! Alipita nyumba kwa nyumba akinong'ona. Kesho yake Bi Digidigi akamleta Shomari wake. Bi Ngiri akaleta Shomari sita, wote na makamasi. Hata Bi Kenge akaja amekumbatia yai, akasema aliyemo humo ndani ni Shomari na ana kiu.

Basi kila kukicha, tifu tifu tifu, vumbi hilo! "Shikamoo, somo! Maji, somo!" Nyati akachota, chubwi, akachota tena, chubwi. Huyu anataka kufutwa pua, yule anataka kupanda mgongoni, na mwingine amelala ndani ya ndoo. Siku moja akachoka, akamkemea yule wa kwenye ndoo: "Wewe Shomari, njoo hapa!"

"Naam!" wakaitika Shomari sitini, wakamjia mbio. Wakampanda hadi kwenye pembe zake.

Nyati akakonda, shingo ikalegea, na yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kunywa. Mwishowe akamwita Bi Nguchiro, akamuuliza kwa sauti ndogo afanyeje.

"Hao ni somo za Shomari, bwana," Bi Nguchiro akamjibu kwa upole. "Asiyekuwa Shomari hawamhusu."

Nyati hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alipanda kilimani, gidi gidi gidi, akanguruma nyika nzima isikie: "Kuanzia leo mimi si Shomari! Niiteni Makata!"

Wanyama wakaitikia kwamba wamesikia. Akashuka mwepesi, anatabasamu, akaenda moja kwa moja kisimani kunywa. Bi Nguchiro akasimama mbele yake, mdogo, mkono kiunoni.

"Pole pole, Makata. Hiki ni Kisima cha Shomari."

Wale Shomari sitini walikuwa wanamtazama. Nyati akageuka, akaenda kupanga foleni, na zamu yake ikawa nyuma ya yai.

Wanangu, anayeling'ang'ania jina kwa faida yake, ajiandae kuubeba na mzigo wake.