Udongo wa Ngazi za Chini

Sogeeni, wajukuu zangu. Shikeni kunde hizi mmenye huku mnasikiliza, maana mikono mitupu huita usingizi. Nikisema "Kale," ninyi mjibu, "Kale ilikuwa na watu." Haya. Kale.

Kale ilikuwa na watu.

Naam, ilikuwa na watu, tena wenye njaa kama ninyi. Nasema zamani ile ambayo hata bibi wa bibi yangu aliisikia tu, wakati mito ilikuwa bado inachagua pa kupita. Siku hizo watu wote walikaa juu, upande wa mlima unaopata ukungu, penye udongo mweusi na migomba. Chini, upande wa jua kali, hakukaa mtu. Kulikuwa na ngazi za mawe tu, ukuta juu ya ukuta, shamba juu ya shamba, zilizojengwa na watu waliokwisha kuondoka, na jina lao wakaondoka nalo.

Basi huko juu walikuwapo ndugu wawili, mkubwa Semboja na mdogo Mavura. Baba yao alipofariki, shamba lilikuwa moja na nyumba zilikuwa mbili. Semboja akasema, "Mdogo wangu, shamba hili halitoshi vyungu viwili. Mmoja wetu ashuke."

"Ashuke wapi, kaka?"

"Kwenye ngazi za mawe."

Mavura akatazama chini mlimani. Kuambiwa ushuke kule kulikuwa sawa na kuambiwa ukalime majivu. Lakini mkewe alikuwapo, Nambike, mwanamke mwembamba mwenye subira ya paka aliyekaa mbele ya tundu la panya. Akasema, "Waliojenga kuta zile walitokwa jasho. Mtu hatokwi jasho kulinda kitu kisicho na maana. Tutashuka, shemeji."

Wakashuka. Wakashuka na binti yao Naetwe mgongoni, na mbuzi wao, na kibuyu cha mbegu za mtama.

Walipofika, Nambike alipiga magoti akachota udongo. Ulikuwa mweupe-mweupe, haukukwaruza hata kidogo, unateleza vidoleni kama unga uliosagwa mara mbili. Akautemea mate akaufinyanga. Ukalainika kama umetiwa mafuta, lakini alipouviringisha uwe uzi, ukakatika.

"Huu si mchanga," akasema, "wala si udongo wa mfinyanzi. Uko katikati ya ndugu hao wawili."

Mavura akatia udongo mkavu kiganjani mwa mkewe, akaupuliza, ukapaa wote. "Udongo unaopaa kwa pumzi ya mtu utamlisha nani?"

Nambike akatazama kiganja kitupu. "Kama unapaa, mbona umejaa hapa mpaka ukingoni mwa ukuta?"

Na hilo ndilo jambo, wajukuu zangu. Udongo ule haukuzaliwa pale. Miaka na miaka mvua iliteremka mlimani ikiwa imebeba tope jembamba, na kila ilipofika ukutani, ukuta uliiambia: maji, piteni, na wewe tope, lala hapa. Tope likalala. Likalala mpaka likawa shamba.

Mvua ikaja, wakapanda. Matone makubwa yakapiga udongo, yakapiga, yakapiga, kisha jua likatoka, na juu ya shamba lote pakafunga gamba gumu kama ukoko wa ugali. Wakangoja jani. Hakuna jani. Wakangoja tena. Hakuna jani. Naetwe akaanza kulia njaa, na Mavura akaanza kufunga mizigo.

"Udongo huu unakula mbegu," akasema. "Ndiyo maana wenyewe waliukimbia."

Nambike akainama. Alitia ukucha chini ya lile gamba, akalibandua kipande. Chini yake mtama ulikuwa umeota. Ulikuwa wa manjano, umejikunja, umeinamisha shingo, unasukuma kwa kichwa mlango uliofungwa.

"Baba Naetwe, njoo uone. Mbegu hazijaliwa. Watoto wako mlangoni, wanabisha hodi."

Mavura akaacha mizigo. Wakashika vijiti, wakalivunja gamba mstari kwa mstari, polepole, kama mtu anayemenya yai la moto. Na chini ya gamba udongo ulikuwa na unyevu, umepoa, unanukia mvua ambayo juu ilikuwa imesahaulika. Mtama ukainua shingo. Ukageuka kijani.

Tangu hapo wakajifunza tabia za udongo ule kama mtu anavyojifunza tabia za mkwe. Walijifunza kutoukanyaga ukiwa umelowa. Mavura aliwahi kupitisha mbuzi baada ya mvua, na njia ile ikashindiliwa kama sakafu, haikuota kitu msimu mzima. Walijifunza kuufunika kwa nyasi kavu, ili mvua itue juu ya nyasi kwanza na upepo usipate pa kushika. Walijifunza kuutifua kidogo baada ya kila mvua. Nao ukawapa. Ukawapa mtama, ukawapa kunde, ukawapa choroko. Mimi nausifu udongo ule, sioni haya. Ni mpole, lakini upole wake unataka adabu.

Kisha ukaja ukame. Msicheke, ukame si hadithi ya kuchekea. Huko juu udongo mweusi ulipasuka mpaka mguu wa mtoto ukaingia ufani, na migomba ikalala chini. Lakini kwenye ngazi za mawe kunde zilibaki kijani. Mvua moja ilikuwa imenyesha, moja tu, na udongo ule laini ukainywa ukaitunza. Mchanga ungeiachia ipite. Udongo wa mfinyanzi ungeishika na kuinyima mizizi. Ule uliishika, kisha ukaigawa kidogo kidogo.

Semboja akashuka na wanawe, na nyuma yake jirani zake. Akasimama nje ya kibanda, mikono nyuma, hawezi kuomba. Mavura alikuwa na neno chungu tayari mdomoni, alilitunza tangu siku ya kushuka. Akawaona watoto wa kaka yake jinsi walivyokonda, akalimeza.

"Kaka," akasema, "ulisema mmoja wetu ashuke. Hukusema mwingine asimfuate. Karibu."

"Ingieni, shemeji," Nambike akasema. "Chungu kiko motoni."

Wakala. Wakakaa. Watu wengi wakaishi kwa udongo uliodharauliwa, mpaka mvua iliporudi.

Nayo ilirudi kwa hasira. Ilipiga tangu asubuhi, na jua lilipopaswa kuwa utosini ukuta wa juu ukapasuka. Udongo ule ukayeyuka kama uji. Ukaangukia ukuta wa pili, wa pili ukaenda, ukaangukia wa tatu, wa tatu ukaenda, mpaka shamba likawa limelala korongoni, na mahali pake pakabaki mwamba mtupu. Nambike akakaa juu ya jiwe, amejiziba mdomo kwa kiganja. Mavura akasimama kando yake.

Na wale wageni? Mvua imerudi, huko juu kumelowa, ni wakati wa kupanda. Walianza kufunga mizigo. Semboja naye alifunga wake, akaufunga fundo, akamtazama shemeji yake. Kisha akalifungua lile fundo. Akamwaga vitu vyake chini, akachukua kapu, akateremka korongoni, akalijaza tope. Akajitwika. Mkubwa wa ukoo, mtu ambaye hakuwahi kubeba hata mtungi wa maji, akapanda na tope linamtiririka usoni.

Nambike akasimama. "Shemeji, shamba lako linakungoja. Mvua ya kupandia haisubiri mtu."

"Najua," Semboja akasema. "Kule mizizi ya migomba inaushika udongo. Huu hauna wa kuushika ila sisi."

Jirani mmoja akamwaga mzigo wake. Kisha mwingine. Mavura akainua kuta, mawe makubwa chini, madogo nyuma yake, na watu wakapanda na kushuka, kapu kwa kapu, kichwa kwa kichwa, mpaka mwamba ukafunikwa tena. Mwaka ule walichelewa kupanda mbegu kwao juu. Walijua watachelewa, na bado walibeba. Wakarudi kula chini tena, kwenye shamba walilolirudisha kwa vichwa vyao, na chakula kilikuwapo.

Wajukuu zangu, ardhi haitukanwi, huulizwa inataka nini. Na ikikulisha leo, usiiache korongoni kesho, kwa sababu udongo huteremka wenyewe, lakini hupanda mlima kwa vichwa vya watu.

Kisa changu nimekitua hapa. Mwenye shingo imara ajitwike, aende nacho kwao.