Kiwanja cha Maji Matamu

Baba yake Mwatime alipofariki, Bwana Mbaruku aliwekwa kuwa msimamizi wa mirathi, akaanza kwa kumsimamia ng'ombe wa maziwa mpaka akaingia zizini kwake.

"Huyo ni ujira wangu," alisema Mbaruku, Mwatime alipomdai ng'ombe. "Kwani mimi si msimamizi wako?"

"Ndiwe. Basi nenda Gombero kwa niaba yangu. Bi Mwaka anauza kiwanja, na nasikia chini yake kuna maji matamu. Kaninunulie."

Mbaruku alikwenda siku ileile. Bi Mwaka hakutaka kingine ila ng'ombe wa maziwa; Mbaruku akamtoa yule wa mirathi, kisha akakiandikisha kiwanja kwa jina lake mwenyewe.

"Amekataa kukuuzia," alimwambia Mwatime.

"Haidhuru, baba."

Mbaruku alichimba wiki mbili, akapata maji ya chumvi. Akakimbilia mahakamani kumdai Bi Mwaka amrudishe ng'ombe.

"Nani alikutuma kununua?" hakimu alimuuliza.

"Mwatime, mheshimiwa."

"Nawe ulimnunulia nani?"

Mbaruku alikohoa.

"Mheshimiwa," alisema Mwatime, aliyekuja kusikiliza kesi, "kama alininunulia mimi, kiwanja nakipokea na chumvi yake. Kama alijinunulia, naomba iandikwe kwamba msimamizi wangu alinigeuka."

"Nilimnunulia yeye," alisema Mbaruku.

Hakimu aliandika, kisha akamgeukia Bi Mwaka. "Na ng'ombe yuko wapi?"

"Nimemzawadia mtoto wa marehemu dada yangu," alijibu Bi Mwaka, akimwonyesha Mwatime kwa kidevu.