Kifua cha Bwana Simba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakiozana na kuzikana kama sisi, alikuwapo Bwana Simba aliyeacha kuwinda. Alisema kukimbia ni kazi ya watumwa. Basi kila Ijumaa nyumba moja ilimpelekea mtoto mpaka mlangoni pake, na zamu ilizunguka kijiji kizima. Msinitazame hivyo. Dunia hii sikuiumba mimi.

Zamu ikamwangukia Bi Pimbi, mjane wa majabalini, mdogo wa mwili, mwepesi wa ulimi. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu, Sikudhani. Ijumaa ilipofika akamfungia ndani, akaenda kwa Simba mikono mitupu.

"Shikamoo, mfalme."

"Marahaba. Chakula changu kiko wapi?"

"Kipo, bwana, ila kimekonda, mifupa mitupu. Leo nimeletwa na aibu yako."

"Ngrrr! Aibu yangu mimi?"

"Nyati amesema kisimani kwamba una kifua cha kuku. Mimi sikucheka. Wenzangu ndio walicheka."

Bwana Simba akainama akakitazama kifua chake. Mwenye kiburi, wanangu, ukimkuna panapomwasha hata kisu hakioni.

"Sasa nifanye nini?"

"Marehemu mume wangu alikuwa akiwafunza mashujaa, nami nilimtazama." Uongo mtupu! Marehemu alikuwa mchuma majani, na aliyemla ni Simba huyu huyu. "Nipe miezi mitatu. Nitakujengea kifua kama ghala. Na Sikudhani atakuwa amenenepa."

"Miezi mitatu ikiisha, namla."

"Utamla, bwana," akasema Bi Pimbi.

Kesho yake mazoezi yakaanza. Lilikuwapo jiwe kubwa uwanjani. Kazi ya Simba ilikuwa kulisukuma kwa kifua. Kruuu! Kruuu! Asubuhi jiwe, jioni jiwe.

"Nikimbie kidogo?"

"La! Mbio zitakukondesha."

"Niruke?"

"Ebo! Mfalme aruke kama chura? Sukuma!"

"Nijinyooshe basi, mgongo umekaza."

"Kukaza ndiko kukomaa, bwana. Sukuma, kisha ule, ulale."

Na alikula, wanangu, alikula hasa. Kifua hakijengwi kwa upepo. Badala ya mtoto mmoja kwa wiki akataka wawili. Mama Digidigi alipeleka pacha wake wote siku moja. Bi Pimbi aliwaona wakipita wameshikana mikono, akaugeuza uso, akaendelea kusema, "Sukuma!"

Yeye mwenyewe hakuwa na jiwe. Alichuchumaa akapuliza moto, akatwanga, akateka maji bondeni, akaupanda mwamba na mtungi kichwani na mtoto mgongoni, akajipenyeza kwenye ufa uliopinda kuelekea nyumbani kwake. Ndivyo alivyofanya kila siku. Alichoka sana, lakini hakuna kiungo chake kilichokosa kazi.

Miezi mitatu ikatimia. Simba alikuwa na kifua kama ghala kweli. Shingo ilikuwa haigeuki, na miguu ya nyuma imekuwa kama vijiti.

"Leo ndiyo leo! Mlete!"

"Njoo umchukue, bwana. Au shujaa naye bado analetewa?"

Bi Pimbi akatangulia na Sikudhani mgongoni, akaupanda mwamba, akapenya kwenye ufa wa nyumbani kwake. Simba akamfuata kwa hasira, akihema hehe, hehe. Ufa ule alikuwa akiujua, maana ndimo alimomkamatia mume wa Bi Pimbi. Akatia kichwa, akatia mabega, akasukuma kama alivyozoea.

Kwaa! Kifua kikanasa.

Akajaribu kurudi nyuma, miguu ikateleza. Akataka kujipinda, mgongo ukagoma. Akasukuma tena mbele, kwa kuwa hakujua jingine, akazidi kujibana.

"Bi Pimbi! Nifundishe kurudi nyuma!"

"Hilo angekufundisha mume wangu," akajibu kutoka juu. "Nawe ulimla."

Simba alinguruma siku tatu juani. Siku ya nne akanyamaza.

Kijiji kikapiga vigelegele, lililili! Wakambeba Bi Pimbi juu juu. Mama Digidigi peke yake hakutoka. Bi Pimbi akamfuata mpaka mlangoni.

"Jirani, amekufa."

"Nimesikia. Kile kifua kilikuwa na wanangu wawili, Bi Pimbi. Kwa nini ulimpa miezi mitatu?"

Bi Pimbi akaugeuza uso. Sikudhani akaanza kulia mgongoni. Mama Digidigi akamtazama yule mtoto, mzima na mnene, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Jambo la Mama Digidigi sina fundisho lake. Ninaloweza kuwapa ni hili moja: ajengaye kiungo kimoja huutegea mtego mwili mzima.