Mche wa Kuazima

Mche wa kuazima haufiki adhuhuri.

Mmemsikia mama yenu akimwambia Yusto maneno hayo asubuhi hii, alipomfuma anadesa, yaani ananakili, kazi ya chuo ya mwenzake, na nyote mkaangua kicheko kwa sababu Yusto hana mche wala jembe. Sasa mnaniuliza mimi mzee wenu methali hiyo imetoka wapi. Wekeni simu chini kidogo. Aliyeianzisha alikuwa kijana mwenye akili kuliko ninyi wote mliokaa hapa, kwa hiyo msijifariji kwamba ni hadithi ya mjinga. Ilizaliwa hivi.

Kulikuwa na chuo cha kilimo huko Ugogo, nchi ambayo jua lake halina utani na mtu. Hapo alisoma kijana aliyeitwa Asheri Ndahani. Asheri akipitia daftari la mwenzake mara moja, yote yalimkaa kichwani, na jioni aliwaeleza wenzake bwenini vizuri kuliko mkufunzi, mpaka wakasahau kwamba mchana hakuonekana darasani. Aliazima madaftari, aliazima kazi za kukusanya, hata jembe la mazoezi aliazima. Ukimuuliza ataanza lini kufanya yake, alisema kesho. Muhula wa kwanza somo moja lilimponyoka, akasema mtunzi wa mtihani alikuwa na husuda. Chuo hakikutaka maneno mengi. Kilimwambia akianguka tena anadisko, yaani anafukuzwa, anarudi kwao.

Muhula wa pili kila mwanachuo alipewa tuta lake la nyanya. Apande mbegu, ahamishe miche, amwagilie, apalilie, na mwisho wa muhula aje mkaguzi kutoka nje kulipima tuta kwa macho na mikono. Masharti yalisomwa mbele ya wote: atakayetumia miche isiyo yake atafukuzwa, na aliyempa atafukuzwa naye.

Mbegu za Asheri ziliota, zikamsubiri, zikachoka, zikafa. Alisema atapanda nyingine kesho. Mnajua kesho ya mtu kama huyo. Ina miguu, kila ukiisogelea inasogea.

Aliyekaa naye meza moja alikuwa binti aliyeitwa Penina Chibago. Penina hakuwa mwepesi wa kuelewa. Ukurasa mmoja aliusoma akaurudia, akaurudia tena, na wengine walimcheka. Lakini kila kulipokucha alikuwa ameinama kwenye tuta lake kabla ya uji, na jioni tena kabla wenzake hawajatoka mpirani. Hata miche ya akiba aliiotesha pembeni, ya kuziba mapengo iwapo viwavi waitwao sota watakata mashina.

Siku ya ukaguzi ilipowadia, tuta la Asheri lilikuwa udongo mtupu. Alfajiri alimfuata Penina huko huko shambani, akamkuta ameshika ndoo.

"Penina, naomba miche yako ya akiba."

"Ya nini?"

"Unajua ya nini."

Penina aliendelea kumwagilia. "Asheri, masharti tuliyasikia sote. Kaka yangu aliacha shule ili mimi nisome. Nikifukuzwa hapa nitamtazama kwa uso gani?"

"Nani atajua? Mkaguzi ataanzia kwangu, tuta la kwanza, saa mbili, bado kuna ubaridi. Ataona majani mabichi, atapita. Dakika chache tu, Penina." Kisha akashusha sauti. "Mama anajua nasoma. Wakinirudisha nitamwambia nini?"

Penina alikuwa na moyo laini, na moyo laini una siku zake za kuponza. Alitua ndoo, akageuza uso. "Mimi narudi bwenini kuvaa viatu," alisema. "Kitakachokuwepo nikirudi na kisichokuwepo, sijui."

Asheri hakupoteza muda. Aliing'oa miche ile kama mtu anayechuma mchicha, mizizi nusu ikabaki ardhini. Akaikimbiza kwenye tuta lake, akaichomeka mistari iliyonyooka kwa kamba, akaimwagia maji mpaka udongo ukawa mweusi. Aliporudi nyuma kutazama, hata yeye alishangaa. Tuta lilipendeza. Alinawa mikono, akaenda kunywa uji, tena aliomba kikombe cha pili.

Saa mbili kamili wanachuo walijipanga, kila mmoja kwenye tuta lake. Tangu dakika ile ilikuwa marufuku kugusa mche wala kumwagilia. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, Mwalimu Kihwele, mpole wa sauti na mzito wa mwendo. Alisimama mbele ya tuta la Asheri, akatazama miche, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Asheri alishusha pumzi.

"Hapa nitamalizia," mwalimu alisema. "Tuanzie kule bondeni. Mfereji unafunguliwa saa nne, na mimi sitaki kukanyaga tope."

Akaondoka na kundi la wakufunzi, akateremka hadi mwisho wa shamba.

Asheri alibaki amesimama. Alihesabu matuta yaliyo kati yake na mwalimu, akapoteza hesabu, akaanza tena. Mwalimu Kihwele hakuwa mtu wa kupita. Kila tuta alichuchumaa, akafunua majani, akauliza maswali, akasubiri majibu mpaka mwisho.

Saa tatu miche ilikuwa bado imesimama. Saa nne jani moja la pembeni lililegea. Asheri alilitazama kwa jicho kali, akidhani pengine litaona haya. Likafuatwa na la pili.

Ndipo akapata wazo. Alisogea upande wa mashariki wa tuta, akasimama wima, akatanua mabega na kupanua viwiko, kivuli chake kikaangukia miche. Kwa kweli ile iliyopata kivuli ilitulia. Lakini kivuli cha mtu mmoja kilitosha mistari miwili tu. Mingine ilibaki juani, naye akawa anasogea huku na huku, akiihudumia kwa zamu kama mama wa mapacha. Wenzake waliokwisha kukaguliwa walikaa chini ya mti wa uani wakinywa maji.

"Asheri, njoo kivulini, utaanguka!"

"Sijambo, nimezoea."

Hakuwa amezoea. Jasho lilimwingia machoni, shati likamganda mgongoni. Na jinsi jua lilivyopanda, ndivyo kivuli chake kilivyofupika. Kwanza kilifunika mistari miwili, halafu mmoja, halafu nusu ya mstari. Kwa mbali alimwona mwalimu akifika kwa Penina, akikaa hapo muda mrefu, akitabasamu. Nyanya za Penina zilisimama kwenye jua lile lile bila wasiwasi. Asheri aliomba wingu. Ugogo, kiangazi, anaomba wingu!

Mwalimu alipofika kwake, jua lilikuwa utosini, na kivuli cha Asheri kilikuwa chini ya nyayo zake mwenyewe. Miche yote ilikuwa imelala.

Darasa zima lilisogea nyuma ya wakufunzi. Mwalimu Kihwele alichuchumaa.

"Miche hii uliihamisha lini?"

"Mwezi uliopita, mwalimu."

Mwalimu alishika mche mmoja kwa vidole viwili, akauinua. Ulikuja bila ubishi. Akauinua wa pili, nao ukaja.

"Mwezi mzima, na haujaushika udongo?"

Asheri aliitazama mizizi iliyokatika.

"Kijana, jana nilisoma majibu yako ya mtihani wa maandishi," mwalimu alisema polepole. "Ni mazuri kuliko ya wote hapa, nami sitaki kukupoteza. Nitajie aliyekupa miche, nitakuombea urudie mtihani huu. Usipomtaja, leo leo unafunga sanduku."

Asheri alijua Penina yuko nyuma yake, hatua chache. Hakugeuka. Angegeuka, macho yangemtaja. Aliogopa, nawaambia kweli. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, neno moja tu, na angelala kitandani kwake usiku ule. Miaka yote watu walikuwa wamembebea mizigo yake. Huu nao ulikuwa na mbebaji tayari, amesimama pale na viatu vyake safi.

"Hakuna aliyenipa, mwalimu. Niling'oa mwenyewe."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu aliyepanda."

"Unajua nilichokuahidi?"

"Najua. Lakini kosa hili ni langu, nalibeba mimi."

Nyuma yake alisikia mtu akivuta pumzi na kusogeza mguu mbele. Akawahi, sauti yake ikapanda kuliko alivyokusudia: "Mwalimu, naomba uandike sifuri!"

Mwalimu Kihwele alimtazama, akawatazama waliokuwa nyuma yake, akaangalia tena mche uliokuwa mkononi. Hakuuliza zaidi. Aliandika. Kisha akamwambia kwamba kama bado anataka kusoma, mlango wa mwaka unaofuata uko wazi, lakini ataanza mwanzo kabisa, na mwenye miche yeye mwalimu hatamtafuta.

Asheri alifika kwao kesho yake mchana. Mama yake alikuwa uani akipepeta uwele. Aliona sanduku kabla ya kumwona mwenye sanduku.

"Karibu mwanangu. Mbona na sanduku? Chuo kimefungwa?"

Njia nzima alikuwa ameandaa maneno. Angeweza kusema kimefungwa. Angeweza kusema wamemwonea, na mama angeamini, maana mama alimwamini sana. Alipouona uso ule aliona uchungu, maneno yote yakamtoka, yakabaki machache.

"Mama," alisema, "mche wa kuazima haufiki adhuhuri."

Mwanamke yule amehamisha miche tangu utoto wake. Alitua ungo. Hakuuliza ni mche gani wala ni wa nani. Alimtazama mwanawe, machozi yakamlenga, akayafuta kwa ncha ya kanga kana kwamba ni makapi yaliyomwingia jichoni.

"Kunywa maji," alisema. "Kisha chukua jembe, kuna kazi bondeni."

Asheri alikuwa amechoka na safari. Alitaka kusema ataanza kesho. Neno lilifika mdomoni, akalimeza, akaenda kutafuta jembe.

Mwaka uliofuata alirudi chuoni, akaanza mwanzo na watoto waliomwita kaka. Penina alikuwa amemtangulia, wala Asheri hakumwonea wivu. Kila aliyemjia kuomba daftari la kunakili alimjibu kwa maneno yale yale aliyomwambia mama yake, na wanachuo wakayachukua, yakatoka nje ya chuo, yakafika masokoni, yakafika mpaka kwa mama yenu.

Naona Yusto hacheki tena. Basi, mwanangu, mrudishie mwenzako kazi yake, ukae na yako ungali na asubuhi. Mche wa kuazima haufiki adhuhuri.