Kaptura Zilizoshonwa Ndani ya Kanda

Mdundo hauna mwenyewe. Ndiyo, nimesema, na mlivyonitolea macho najua hamkuambulia kitu. Nusu saa nzima mnagombana hapa mlangoni kwangu, huyu anadai mlio mpya wa bendi yenu ni wake, yule anadai bila yeye mngekuwa mnapiga makopo mpaka leo. Kaeni chini. Zimeni hivyo visimu. Neno hilo lilianzia Korogwe, kwenye baraza ya mshona nguo, na aliyelipata kwa kupigwa na butwaa mara mbili ndani ya siku mbili ni kijana mmoja aliyeitwa Hoza.

Hoza alikuwa mpiga drams wa bendi ya Kokoto. Zama hizo bendi zilikuwa za mashirika. Ukitaka gitaa unakwenda kuajiriwa na bendi ya shirika fulani, unavalishwa sare, unapangiwa nyimbo. Kokoto hawakuwa na shirika wala mfadhili. Walikuwa watatu tu. Mbelwa alipiga gitaa la solo na kuimba, Kihiyo alishika besi, Hoza ngoma. Walipiga roki ya kwao wenyewe, ya kelele na haraka, na wazee wa mji waliwaita wahuni.

Mahali pa mazoezi palikuwa chumba cha uani nyumbani kwa mama yake Hoza, Bi Mwanamvua. Huyu mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, chini kabisa ya dirisha la chumba kile, na tangu asubuhi mpaka alasiri mguu wake haukutulia. Vijana wakipiga ndani, yeye anashona nje. Hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa.

Kanda yao ya kwanza waliirekodi humo humo. Waliweka redio kaseti juu ya kigoda, wakabonyeza, wakapiga. Basi! Kanda ile ilikwenda mbio kama moto wa nyasi. Kwenye mashamba ya mkonge, kwenye vilabu, stendi ya mabasi, kila mahali Kokoto. Na watu walimsifia nani? Walimsifia Hoza. Walisema yule kijana ana saa tumboni. Nanyi mnajua mgema akisifiwa inakuwaje. Hoza akaanza kutembea katikati ya barabara.

Mwaka wa pili, mwezi wa Desemba, wakaanza kutengeneza nyimbo za kanda ya pili. Hapo likatokea jambo. Nyimbo zilikataa kwenda haraka. Walianza kwa kasi yao ya zamani, lakini kabla ubeti haujaisha mwendo ulishapungua, umekuwa mzito, wa kuburuza, wa mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Mwanzoni waliogopa. Halafu wakasikiliza vizuri, wakaona loo, hii ni tamu kuliko ile. Mlio umekua. Ile ya kwanza ilichezesha miguu, hii ilishika moyo.

Na kilipopatikana kitamu, ugomvi ukaingia.

"Mwendo huu niliuota mimi," alisema Mbelwa. "Niliamka nao."

"Uliota nini wewe? Besi ndiyo iliyoanza kuvuta nyuma," alisema Kihiyo. "Nyie mmenifuata."

Hoza akacheka kwa dharau. "Mdundo wa bendi utakuwaje wa mtu asiyegusa ngoma? Nimeutunga mimi. Na kwenye jalada la kanda nataka iandikwe: mdundo umetungwa na Hoza. Bila hivyo, tafuteni mpiga drams mwingine."

Wamtoe wapi mwingine? Wakakubali kwa shingo upande. Siku ya mazoezi ya mwisho Hoza alikuwa amelewa ule ushindi kiasi kwamba alitoa kichwa dirishani akamwambia mama yake, "Mama, hebu pumzisha hiyo cherehani. Watu tuko kazini."

Bi Mwanamvua hakuinua hata uso. "Na mimi niko ngomani?" alijibu, akaendelea kukanyaga.

Jumamosi wakaenda Dar es Salaam. Safari hii si redio kaseti tena, walikuwa wamepata nafasi kwenye studio ya kweli. Fundi mitambo alikuwa Bwana Ambakisye, mtu mzima, mpole, mwenye masikio yasiyodanganywa. Jumatatu asubuhi aliwaingiza kwenye chumba ambacho kuta zake zilivikwa magodoro. Humo ndani kimya chake kilikuwa kizito, ukimeza mate unajisikia.

Wakaanza wimbo wa kwanza. Ubeti wa kwanza haujafika nusu, Bwana Ambakisye akainua mkono.

"Ngoma inayumba. Tuanze tena."

Wakaanza tena. Ikayumba tena. Mara inakimbia, mara inasinzia. Hoza alibadilisha kiti, akabadilisha vijiti, akavua viatu. Mara ya tisa Mbelwa aliacha kupiga, akageuka kumtazama. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na hofu, ule uso wa mtu anayemwona ndugu yake anaanguka kifafa. Hoza aliitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba kaazimwa. Mikono ile ile! Ilikuwa imekwenda wapi?

Mtaniuliza, kwani hawakuwahi kupiga ukumbini? Walipiga sana. Lakini ukumbini watu mia wanakanyaga sakafu, na ngoma hujishikiza kwenye miguu yao. Pale studio palikuwa na yeye na ukimya.

Bwana Ambakisye alitoka nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, akakaa karibu naye. "Kijana wangu, sikuvunji moyo. Lakini huna mwendo. Ninacho kinanda hapa, nikikibonyeza kinapiga ngoma chenyewe, hakiyumbi. Alhamisi asubuhi tunaanza upya. Ukija na mdundo, sawa. Usipokuja nao, kinanda kitapiga, wewe utakaa benchi."

Hoza aliviweka vijiti chini. Kanda yote, jina lake kwenye jalada, nafasi yake kwa wenzake, vyote vilikuwa vinaondoka na yeye amekaa anatazama.

Ni Mbelwa aliyemtetea. Pamoja na ugomvi wao wote, alichomoa kanda yao ya zamani mfukoni, na nyingine waliyorekodi juzi mazoezini. "Mzee, huyu mtu anajua. Sikiliza mwenyewe."

Bwana Ambakisye akavaa hedifoni, akasikiliza kanda ya mazoezi akiwa amefumba macho. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Halafu akauliza swali ambalo Hoza hakulisahau mpaka anaota mvi.

"Hapa mwendo upo. Mzuri sana. Na huyu mwingine ni nani?"

"Mwingine yupi?" Kihiyo aliuliza. "Sisi ni watatu."

"Huyu wa chini. Anayepiga kitu cha chuma."

Akamvisha Hoza hedifoni. Mwanzoni Hoza alisikia ngoma yake tu. Halafu, chini yake, akaisikia: taka, taka, taka, taka. Haikatiki, haiharakishi. Na kila alipopiga yeye, ile taka ilikuwa imeshafika.

"Lahaula!" alisema Hoza. "Mama yangu. Hiyo ni cherehani ya mama yangu."

Wakasikiliza na kanda ya kwanza. Ilikuwamo, mwanzo mpaka mwisho. Miaka miwili mji mzima ulikuwa unacheza cherehani ya Bi Mwanamvua, na mwanawe anachukua sifa. Hoza alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alilia, na hakujali nani anamwona.

Jumanne alfajiri akapanda basi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwomba mama yake msamaha. Saa saba mchana alishuka Korogwe, akaenda moja kwa moja mpaka barazani, na alilolikuta likamsahaulisha yote aliyopanga.

Cherehani ilikuwa kimya. Bi Mwanamvua ameinama na wembe mkononi, anafumua mshono. Pembeni yake kilikuwa kilima cha kaptura za kaki, maana Januari ilikuwa mlangoni na shule zinakaribia kufunguliwa. Mbele yake alisimama mteja wake wa siku zote, Mama Kijazi, ameinua kaptura moja juu kama ushahidi mahakamani.

"Fundi, miaka kumi na tano unanishonea, lakini hii ni nini? Mguu mmoja unatazama Lushoto, mwingine Handeni!"

"Shikamoo mama," alisema Hoza.

"Marahaba. Umerudi kufanya nini? Mmeshamaliza?"

Hoza alipiga magoti pale pale kwenye vipande vya nguo. "Mama, nimekuja unisamehe. Mdundo si wangu. Ni wako. Nimesikia kwenye mitambo kwa masikio yangu. Nimekuwa naifuata cherehani yako miaka miwili bila kujua. Bila wewe siwezi hata wimbo mmoja. Kwenye jalada nitaandika jina lako."

Bi Mwanamvua alimkodolea macho. Wembe ukamponyoka.

"Usiandike uongo, Hoza."

"Si uongo, mama."

"Ni uongo! Mimi ndiye ninayekufuata wewe." Akaigonga cherehani kwa kiganja. "Ngoma yako ndiyo inayonishikia mguu, zamani niliweza peke yangu lakini sasa umekuzoea. Nikifika mwisho wa mshono nageuza nguo, wewe unanishikia mahali, narudi pale pale. Tangu mlivyoondoka Jumamosi sijapitisha mshono hata mmoja ulionyooka. Nimebadilisha sindano. Nimetia mafuta. Nimesema basi, macho ndiyo yameanza kuniaga. Jana nililia, mwanangu. Nikishindwa kushona, mimi ni nani tena?"

Mama Kijazi aliishusha ile kaptura polepole, akamtazama mama, akamtazama mtoto.

"Makubwa haya," alisema. "Sasa nani alikuwa anamfuata nani?"

Hata mimi leo siwezi kumjibu.

Hoza akanyanyuka, akachukua beseni la kufulia, akaligeuza, akaketi chini ya dirisha. Akaanza kulipiga kwa viganja. Liliyumba. Bi Mwanamvua akavuta kaptura, akaweka mguu. Cherehani nayo ikasitasita. Kwa dakika nzima walikuwa wawili wanaotafutana gizani. Halafu vikakutana, taka na du, na Mama Kijazi aliyekuwa ameinama juu ya sindano akapiga kelele, "Umenyooka! Mshono umenyooka!"

Na mwendo uliotoka ulikuwa upi? Ule ule mzito wa kuburuza, ambao watu watatu waliugombea nusu wavunje bendi. Hoza akaacha kupiga.

"Mama, tuliporekodi kanda ya kwanza ulikuwa unashona nini?"

"Si ilikuwa Ramadhani? Magauni ya Idd ya watoto. Kitambaa laini, cherehani inakimbia yenyewe."

"Na sasa?"

"Sasa huoni? Kaki. Kaki ukiikimbiza inavunja sindano."

Hoza akashika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe ile ndoto ya Mbelwa ilikuwa kaki! Na besi ya Kihiyo iliyovuta nyuma, kaki! Na utunzi wake yeye, alioutolea vitisho, kaki tupu! Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, na mama yake naye akacheka mpaka akashika mbavu.

Jumatano cherehani ilipanda juu ya basi, na Bi Mwanamvua ndani, amekumbatia furushi. Alhamisi asubuhi Bwana Ambakisye alifungua mlango wa studio, akaona chombo kile kinaingia, akabaki mdomo wazi.

"Mama, hilo furushi la nini? Tunahitaji mlio tu."

"Baba, sikanyagi cherehani tupu," alisema Bi Mwanamvua, akivuta kiti. "Na watu wanasubiri nguo zao."

Kwa hiyo kanda ya pili ya Kokoto ilirekodiwa hivyo, watatu wanapiga na mmoja anashona. Ngoma haikuyumba hata mara moja. Katika kazi ile zilishonwa kaptura thelathini na mbili, na Januari watoto wa Korogwe walikwenda nazo shule, miguu yote inatazama mbele. Ukiisikiliza kanda hiyo kwa makini, baada ya wimbo wa nne unasikia mkasi unakata uzi. Bwana Ambakisye alikataa kuufuta.

Sasa likabaki jalada. Mchapaji alikuwa ameshalipanga kama alivyoagizwa mwanzo, akaja na karatasi. "Hapa pameandikwa, mdundo umetungwa na Hoza. Niache hivyo?"

"Futa," alisema Hoza. "Andika Bi Mwanamvua."

"Thubutu!" alisema mama. "Andika Hoza."

Mbelwa akatazama chini, Kihiyo akakuna shingo. Wiki moja nyuma wote walilitaka jina liwe lao, na leo hakuna aliyethubutu kuligusa. Mchapaji akachoka, kalamu iko hewani. "Jamani, semeni basi. Mdundo huu mwenyewe ni nani?"

Bi Mwanamvua alikuwa anakunja kaptura ya mwisho. Aliilaza gotini, akapitisha kidole juu ya mshono mpaka mwisho, taratibu, akihakikisha.

"Andika majina ya nyimbo, baba, utuache twende nyumbani," alisema. "Mdundo hauna mwenyewe."