Ua Lililoita Ukungu

Sogeeni karibu, na mwenye kubisha asubiri nimalize.

Alikuwako Mkawasi, mwanamke wa mlimani, ambaye shamba lake lilikuwa limekauka. Akapanda hadi msitu wa ukungu, akalikuta zimwi kongwe linalia, kwa kuwa watu walikuwa wanaikata miti yake. Zimwi likampa kijiti cha ua jekundu, la mwisho duniani.

"Lipande kwako, ukungu utalifuata kila asubuhi. Ila atakayekuomba tawi, mkatie."

Mkawasi akalipanda nyuma ya jiko. Ukungu ukashuka kweli, mahindi yakanywa, naye akanawiri.

Akaja jirani wa kwanza. "Dada, nikatie tawi." "Bado changa." Akaja wa pili. "Sasa linachanua, litashtuka." Wa tatu alikuwa Bibi Wakesho, aliyempa Mkawasi kila mche uliokuwa uani mwake. "Aa, bibi, nawe umezidi kuomba!"

Jamani! Kwetu hata adui hanyimwi tawi la ua.

Siku moja fuko akala mizizi. Ua likafa, ukungu ukarudi juu. Mkawasi akakimbilia msituni, akakuta visiki tu, zimwi halipo. Akarudi mbio kwa Bibi Wakesho.

"Bibi, sema kweli, sitakasirika. Hukuniibia hata kijiti kimoja?"

"Laiti ningekuibia, mjukuu wangu," bibi akasema. "Leo ningekukatia tawi."

Hadithi yangu imeishia hapo uani kwa bibi, nami ningependa ingeishia kwingine.